Mdhamini ni Nani? Tahakiki ya Istilahi za Maombi ya Mkopo wa Elimu ya Juu

1. Utangulizi

Bungu ni mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Kilwa na Lindi, katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Hapo ndipo inapochepuka njia ya kwenda Nyamisati, bandari ya watu wa Mafia na ya vijiji vya delta ya Rufiji. Mtu wa Mbwera au wa Kiongoroni mwenye shughuli bara huja kwa chombo hadi Nyamisati, kisha hupitia Bungu. Kila ifikapo katikati ya mwaka, miongoni mwa wasafiri hao huwamo vijana waliomaliza Kidato cha Sita, bahasha mkononi, wakienda kuomba mkopo wa masomo ya chuo kikuu.

Mwezi wa Julai 2024 mwandishi wa makala haya alikaa siku tatu katika duka moja la steshenari mjini hapo, mahali ambapo vijana hao hujaziwa maombi yao katika kompyuta. Nia yake ilikuwa kusikiliza. Siku ya pili bibi mmoja, mkulima wa mikorosho, aliletwa na mjukuu wake ili atie sahihi. Kijana wa dukani akamwamkia, akamweleza kwa adabu: "Bibi, wewe ndiye utakayekuwa mdhamini." Bibi akamtazama mjukuu wake, akauliza: "Huyu amekamatwa lini?"

Watu waliokuwamo dukani walicheka. Bibi hakucheka, na alikuwa na haki. Katika maisha yake yote alikuwa amemjua mdhamini mmoja tu: jirani aliyemwekea mtu dhamana mahakamani, mshtakiwa akatoroka, na jirani yule akahangaishwa nalo kwa muda mrefu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa katika jitihada za kurahisisha maombi ya mkopo wa elimu ya juu nchini, mitambo imetangulia na lugha imebaki nyuma. Hoja yetu ni kwamba maombi hayawezi kuwa mepesi iwapo kila mhusika hajapewa jina linalomweleza yeye ni nani na anawajibika kwa lipi. Tutatazama istilahi chache tu, zile zenye uzito, kisha tutoe mapendekezo.

2. Njia ya mwombaji

Yafaa tukumbushane kwanza jinsi mambo yalivyo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwezi wa Julai 2005. Mikopo yenyewe ilikuwa imeanza kabla ya hapo, katika muongo wa 1990, Serikali ilipoacha kubeba gharama zote za mwanafunzi wa chuo kikuu na kumtaka yeye na wazazi wake wachangie. Sheria hiyo ya 2004, kama sheria zetu nyingi za wakati ule, iliandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipopitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria.

Mwombaji wa leo hujaza maombi yake kwa mtandao. Hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Na kama amefiwa na mzazi, cheti cha kifo kilichohakikiwa vilevile. Hutakiwa kuwa na mdhamini mwenye kitambulisho. Kwa miaka mingi imetakiwa pia kurasa fulani za fomu zichapwe na kupelekwa kwa serikali ya kijiji au mtaa, kisha kwa hakimu au wakili aliye kamishna wa viapo, zigongwe mihuri, halafu zirudishwe katika mtandao. Kijana ambaye kaya yao imo katika mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii hutaja jambo hilo, kwani ni ushahidi wa uhitaji wake.

Ni haki kusema kuwa mengi yamerahisishwa. Zamani kijana alilazimika kupeleka makaratasi yake kwa posta au kwa mkono. Siku hizi uhakiki wa vyeti hufanywa kwa mtandao, na miongozo ya Bodi imekuwa ikitolewa kwa Kiswahili pia. Hatua hii ya pili ndiyo inayotuhusu sisi tulio katika kazi ya istilahi. Kwani kuandika mwongozo kwa Kiswahili ni jambo moja, na mwongozo huo kueleweka Bungu ni jambo jingine.

3. Mdhamini

Neno hili linatokana na dhamana, ambalo tulilipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya msingi haina utata: mtu anayejifunga kwa ajili ya mwingine. Lakini katika matumizi ya leo neno mdhamini limetwishwa mizigo isiyopungua minne.

Kwanza, kuna mdhamini wa mahakamani, ambaye hujifunga kuwa mshtakiwa atahudhuria kesi. Huyu ndiye aliyemjia bibi yetu akilini. Pili, kuna mdhamini wa mashindano na wa timu za mpira, yaani kampuni itoayo fedha ili jina lake litangazwe. Kutokana na maana hii husemwa pia kuwa fulani anasoma "kwa udhamini" wa Serikali au wa shirika, yaani analipiwa. Tatu, kuna wadhamini wa msikiti, wa chama au wa taasisi, wanaoshika mali kwa niaba ya wengine. Udhamini unaotajwa katika jina la Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini ni huu wa tatu. Nne, kuna mdhamini wa mkopo, atakayeulizwa mkopaji asipolipa.

Tazama sasa yanayompata mwombaji. Katika safari moja hukutana na udhamini wa tatu pale anapohakiki cheti chake, kisha udhamini wa nne pale anapotafuta mtu wa kumtilia sahihi, huku yeye mwenyewe akilini anao ule wa pili, kwa kuwa ndio ausikiao redioni kila Jumamosi, na bibi yake anao ule wa kwanza. Si ajabu basi kwamba kijana mmoja kati ya wale niliowakuta alikuwa amepoteza wiki nzima Dar es Salaam akitafuta mtu tajiri. Aliambiwa atafute mdhamini; akaelewa kuwa anatafutiwa mtu wa kumlipia. Mjomba wake aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwao angalitosha.

Maana hizi hazitofautiani tu, nyingine zinapingana. Mdhamini wa mpira hutoa fedha na hadaiwi. Mdhamini wa mkopo hatoi kitu siku ile ya sahihi, lakini anaweza kudaiwa baadaye. Istilahi moja ikibeba dhana mbili zinazopingana katika jambo la fedha, anayeumia ni yule asiye na wakili wa kumfafanulia.

Tunapendekeza neno mdhamini libakie kwa mtu anayejifunga kwa ajili ya mwingine, yaani maana ya kwanza na ya nne, ambazo asili yake ni moja. Na fomu iseme kwa ukamilifu "mdhamini wa mkopo". Anayetoa fedha bila kudai arudishiwe aitwe mfadhili, neno ambalo tayari tunalo na ambalo kila mtu analielewa. Kwa anayeshika mali ya wengine, lugha yetu inalo neno kabidhi, ambalo limehifadhiwa katika cheo cha Kabidhi Wasii Mkuu. Tunajua kuwa jina la Wakala haliwezi kubadilishwa kwa makala moja ya jarida. Lakini fomu mpya zinaweza kuandikwa vyema kuanzia sasa.

Tumrudie bibi. Kijana wa dukani, alipoona kicheko hakisaidii, aliacha istilahi na kusema: "Bibi, mjukuu wako anakopa serikalini ili asome. Wewe unasema, huyu namjua, na asipolipa niulizwe mimi." Bibi akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kiasi gani?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Kiasi cha mkopo hujulikana baada ya maombi kupokewa na kupangwa, wala si siku ya kutia sahihi. Swali lake lilikuwa swali la mtu aliyeelewa. Kwa muda wote ambao neno lilikuwa halieleweki, swali hilo lisingaliweza kuulizwa.

4. Uhakiki na yatima

Si kila neno lenye maana mbili lina kasoro. Tuchukue uhakiki. Kijana aliyetoka kidato cha sita amesoma uhakiki wa kazi za fasihi. Akiambiwa akafanye uhakiki wa cheti cha kuzaliwa huenda akatabasamu, lakini hapotei njia. Hakiki ni kutafuta ukweli wa jambo, nalo lina udugu na haki na hakika. Kuhakiki cheti ni maana iliyo karibu zaidi na asili. Wanafasihi ndio walioliazima. Mazingira yanatosha kulitofautisha. Hapa hatuna pendekezo ila liachwe kama lilivyo.

Tatizo la hatua hiyo limo katika vitu viwili vingine vya lugha ambavyo huonekana vidogo. La kwanza ni tahajia ya majina ya watu. Msajili wa kizazi huandika jinsi anavyosikia: Mohamedi, Saidi, Rashidi. Shule huandika Mohamed, Said, Rashid. Cheti cha mtihani na cheti cha kuzaliwa vikigombana kwa irabu moja, kijana hulazimika kwenda kuapa mbele ya kamishna wa viapo kuwa yeye na yeye ni mtu mmoja. Kwa Kiswahili majina hayo yametoholewa kwa kanuni ileile iliyotupa kitabu na daktari, na irabu ya mwisho si kosa la mtu. Ingefaa ofisi zetu zikubaliane kuwa tofauti ya irabu ya mwisho pekee si tofauti ya jina.

La pili ni majina ya mahali. Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katika muongo wa 2010. Kijana aliyezaliwa Bungu mwaka 2005 ana cheti kisemacho Rufiji, na anwani isemayo Kibiti. Hajahama. Fomu ingeuliza "wilaya iliyotajwa katika cheti chako" badala ya "wilaya ya kuzaliwa", mashaka yangekwisha kwa maneno machache.

Neno lililo zito zaidi katika sehemu hii ni yatima. Fomu na miongozo humpa kipaumbele aliyefiwa, na ni haki kufanya hivyo. Lakini yatima ni nani? Katika mafundisho ya dini yaliyoenea mwambao wa Pwani, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Aliyefiwa na mama, baba yu hai, haitwi hivyo. Wala kijana wa miaka 20, hata akiwa amefiwa na wote wawili, hajioni kuwa yatima tena. Katika matumizi ya mashirika ya misaada, yatima ni aliyefiwa na mzazi mmoja au wote. Binti mmoja kutoka upande wa Salale aliruka sehemu hiyo ya maombi. Mama yake alikuwa amefariki, naye ndiye aliyekuwa akimlipia ada kwa kuuza kamba. Alipoulizwa kwa nini hakujaza, alijibu: "Baba yupo. Mimi si yatima." Alisema kweli kwa lugha yake, na ukweli huo ungalimnyima haki yake.

Wataalamu wa istilahi tuna ugonjwa wa kudhani kuwa kila dhana inahitaji neno moja. Hapa neno moja ndilo linalopotosha. Fomu iulize mambo matatu waziwazi: baba yako yu hai? Mama yako yu hai? Nani anakulipia mahitaji yako sasa? Maswali hayo hayahitaji kamusi.

5. Mnufaika na mdaiwa sugu

Tufikie sasa neno ambalo kwa maoni yetu lina madhara makubwa kuliko yote. Mtu aliyepewa mkopo wa elimu ya juu huitwa, katika matangazo na taarifa, mnufaika. Wengi wao ni wanufaika. Neno limeundwa vizuri kisarufi, kutokana na kunufaika. Ila linasema nusu ya habari. Linasema kilichoingia mkononi na kunyamazia kitakachotoka.

Kwa kijana wa Bungu upotofu huu ni mkubwa zaidi, kwa kuwa neno hilo amekwisha kulisikia nyumbani. Kaya zinazopokea fedha za Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini huitwa wanufaika. Fedha hizo ni ruzuku, hazirudishwi. Mama mnufaika hadaiwi. Mtoto wake akiingia chuo kikuu naye huitwa mnufaika, lakini huyu atadaiwa. Neno ni moja, kaya ni moja, na wajibu ni kinyume. Jambo limezidi kutatanisha tangu mwaka wa masomo 2022/2023, Serikali ilipoanzisha ufadhili wa Samia kwa wanafunzi waliofaulu vizuri masomo ya sayansi. Hao ndio wanufaika wa kweli, na wamechanganywa na wakopaji chini ya jina moja.

Wanafunzi nao wana neno lao: bumu. Siku fedha za kujikimu zinapoingia, bumu limetoka. Ni neno changamfu, lenye sauti ya kitu kinacholipuka, nalo limedumu vyuoni kwa muda mrefu. Hatulikebehi, lugha ya vijana ina haki yake. Lakini yafaa tuone kuwa mnufaika kutoka juu na bumu kutoka chini yanashirikiana katika kazi moja, nayo ni kulificha deni.

Kisha mwanafunzi huhitimu. Akipata ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, kwa mujibu wa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 8. Asipopata ajira, au akikaa bila kulipa, siku moja hujikuta katika tangazo akiitwa mdaiwa sugu. Sugu ni neno kali. Ni ngozi iliyokufa ganzi kwa kusuguliwa. Ni ugonjwa usiosikia dawa. Ni jambazi aliyezoea. Huenda wako wahitimu wanaostahili kuitwa hivyo, wenye mishahara minono na waliojificha. Lakini aliyemaliza shahada na kurudi Bungu kupalilia mikorosho ya baba yake kwa kukosa kazi, je, huyu ni sugu?

Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Istilahi zetu zimeigeuza methali hiyo kuwa utaratibu rasmi: siku ya kupokea tunampa jina la harusi, siku ya kulipa tunampa jina la matanga. Baina ya majina hayo mawili kuna neno la wastani, la kale, lisilosifu wala kutukana: mkopaji. Laiti kijana angaliitwa mkopaji tangu siku ya kwanza, angalijua kuwa ana deni, na asingalihitaji kutukanwa ili akumbushwe. Wahenga walikuwa na msamiati mpana wa jambo hili. Walitofautisha kuazima na kukopa. Walisema kuwia na kuwiwa. Walikuwa na karadha, mkopo usio na nyongeza. Lugha yenye utajiri huo haina sababu ya kumwita mwenye deni kwa jina la mwenye zawadi.

Neno karadha linatufikisha kwenye istilahi nyingine iliyokwisha muda wake lakini yenye funzo. Kwa miaka kadhaa deni la mwanafunzi liliongezwa asilimia 6 kila mwaka, na nyongeza hiyo iliitwa tozo ya kulinda thamani ya mkopo. Tarehe 1 Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa itafutwa, na ikafutwa kuanzia Julai mwaka huohuo. Wakati ilipokuwapo, wazazi wengi wa mwambao waliuliza swali moja: je, hiyo ni riba? Swali hilo kwao lilikuwa la ibada, si la hesabu tu. Istilahi ile ndefu haikulijibu. Ilieleza nia ya mtozaji badala ya kueleza kinachotozwa. Sisi hatukusudii kutoa fatwa. Twasema tu kuwa istilahi nzuri humwezesha mtu kuuliza swali lake na kupata jibu, hata kama jibu halitampendeza. Ile iliyotungwa ili swali lisiulizwe ni pazia.

Kwa upande mwingine hapana budi kulisifu neno marejesho. Limetokana na kurejesha. Linaeleweka bila mwalimu. Na akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa wamelizoea kwa kuwa hulipa rejesho lao kwa juma au kwa mwezi. Hapa ofisi na kijiji vinasema lugha moja. Laiti istilahi nyingine zingalifuata njia hiyo.

6. Viandikwa na kitivo

Tupite haraka katika mambo mawili mepesi. Miongoni mwa vitu vinavyogharimiwa na mkopo vimo "vitabu na viandikwa". Kwa sarufi ya Kiswahili, kiandikwa ni kitu kilichoandikwa, kama vile kiumbwa kilivyo kitu kilichoumbwa. Barua ni kiandikwa. Shairi ni kiandikwa. Kalamu na daftari tupu si viandikwa, ni vya kuandikia. Kamusi zetu zina neno shajala, lakini mitaani halikushika, na wengi hulichanganya na shajara. Duka alimokaa mwandishi wa makala haya lina kibao kisemacho steshenari. Basi kitu kimoja kina majina matatu, na mnunuzi analijua moja tu, lile la kibaoni. Katika fomu itoshe kusema "vifaa vya kuandikia".

Kipo pia kifungu cha "mahitaji maalumu ya kitivo". Kitivo ni neno zuri la mkulima, maana yake ardhi yenye rutuba, nalo lilipandishwa cheo kuwa idara kuu ya masomo. Ni mfano mwema wa kuunda istilahi kwa kupanua maana. Lakini vyuo vyetu kadhaa vimekwisha kuacha vitivo na kuwa na ndaki, shule kuu na skuli. Mwombaji ambaye hajafika chuoni atajuaje kitivo chake wakati chuo chenyewe hakina? "Mahitaji maalumu ya masomo" yangetosha.

7. Funzo kutoka nje

Taabu hii si yetu peke yetu. Nchini Marekani fomu ya kuomba msaada wa masomo kutoka serikali kuu ilikuwa na maswali yapatayo 108, ikasemwa kwa miaka mingi kuwa ndiyo iliyowakatisha tamaa watoto wa maskini. Bunge lao lilipitisha sheria ya kuirahisisha mwezi wa Desemba 2020, na fomu mpya yenye maswali yasiyofika nusu ya hayo ikatolewa mwishoni mwa mwaka 2023.

Kilichotuvutia sisi katika sheria hiyo ni badiliko la istilahi. Zamani hesabu ya uwezo wa kaya iliitwa mchango unaotarajiwa wa familia. Wazazi walilisoma jina hilo wakadhani ndicho kiasi watakachotozwa. Wakakata tamaa, ama wakaja kushangaa bili ya chuo ilipozidi. Hesabu ile haikuwa ahadi wala bili, ila kipimo tu. Basi watunga sheria waliliondoa jina hilo na kuweka jingine lenye maana ya kiashiria cha msaada kwa mwanafunzi. Yaani taifa lenye mitambo mingi kuliko sisi liliona kuwa jina baya ni kikwazo cha kutungiwa sheria.

Funzo la pili ni la tahadhari. Fomu hiyo mpya ilichelewa na ikaanza kwa hitilafu nyingi, hata vyuo vikachelewa kuwajibu waombaji mwaka 2024. Maneno mepesi hayatoshi bila mtambo unaofanya kazi, wala mtambo hautoshi bila maneno mepesi.

8. Mapendekezo na hitimisho

Kwa ufupi tunapendekeza yafuatayo:

(a) Mdhamini wa mkopo litumike kwa anayejifunga kwa ajili ya mkopaji; mfadhili kwa anayetoa fedha bila kudai.

(b) Mkopaji litumike tangu siku ya maombi hadi siku ya rejesho la mwisho. Mnufaika liachiwe anayepokea ruzuku au ufadhili.

(c) Aliyechelewa kulipa aitwe mdaiwa aliyechelewa. Sugu litumike pale tu ambapo imethibitika kuwa mtu ana uwezo na amekataa.

(d) Neno yatima litoke katika fomu, na mahali pake yawekwe maswali ya wazi kuhusu uhai wa kila mzazi.

(e) Vifaa vya kuandikia na mahitaji maalumu ya masomo vichukue nafasi ya viandikwa na mahitaji ya kitivo.

(f) Juu ya mahali pa sahihi ya mdhamini iandikwe sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida kueleza anajifunga kwa nini, na mpaka wapi.

(g) Kabla fomu mpya haijatolewa, isomwe kwa sauti mbele ya watu wa mahali kama Bungu, na kila neno litakalozua swali liandikwe.

Kuhusu pendekezo hili la mwisho, lawama si ya ofisi za mikopo peke yake. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na tangu hapo sisi wa istilahi tumesanifu maneno kwa maelfu. Tumezoea kuyajadili mezani, tukiwa watu waliosoma, na kuyapeleka kwa watu waliosoma wenzetu. Ni mara chache tumeyapeleka kwa mtu atakayeyatilia sahihi. Walimu wa sekondari wanaosoma jarida hili wanaweza kuanza kesho, kwa kuichukua fomu hiyo darasani na kuisoma na wanafunzi wao wa Kidato cha Sita, neno kwa neno, kabla msimu wa maombi haujafika. Watendaji wa vijiji, ambao mihuri yao ndiyo inayotafutwa, wanaweza kutuletea orodha ya maneno wanayoulizwa mara kwa mara. Orodha kama hiyo ingetufaa kuliko semina nyingi.

Bibi alitia alama ya kidole gumba. Alifanya hivyo kwa kumwamini mjukuu wake, maana jibu la swali lake halikupatikana. Dawa ya deni ni kulipa, naye alilijua hilo kabla yetu sote. Alichotaka kujua ni deni la nani, na kiasi gani. Fomu isiyoweza kumjibu mambo hayo mawili bado ni ngumu, hata ikijazwa kwa dakika tano.